Mfanyakazi Akifariki, Mrithi ni Nani? Haki za Wenzi wa Jinsia Moja Afrika Kusini

Katika ukurasa huu wa nchi jirani tumezoea kuandika juu ya mishahara, saa za kazi na mikataba ya hiari. Safari hii twaandika juu ya mirathi. Mfanyakazi akifariki, haki zake haziingii kaburini pamoja naye. Upo mshahara wa siku alizofanya kazi, ipo likizo ambayo hakuichukua, kipo kiinua mgongo, ipo akiba ya uzeeni, ipo nyumba, wapo watoto. Karani wa ajira huuliza swali moja: "Mrithi ni nani?"

Mwenye cheti cha ndoa ana jibu mkononi. Lakini fikirini wanaume wawili, au wanawake wawili, walioishi nyumba moja miaka 15, wakachanga kodi, wakauguzana na kulea watoto. Mmoja akifariki, yule wa pili husimama mbele ya karani kama mpangaji tu. Ndugu wa marehemu ambao hawakuonekana siku za ugonjwa hufika siku ya mafao. Afrika Kusini jambo hili limefika mahakamani mara nyingi, na hukumu zilizotoka zina mafunzo kwa kila mfanyakazi.

Twajua kwamba habari hizi hazizungumzwi kwa urahisi katika matawi yetu. Wako watakaouliza kwa nini chama kinaziandika. Jibu letu ni hili. Fedha inayokatwa kila mwezi katika mshahara ni jasho la mfanyakazi, na mwenye jasho ndiye mwenye haki ya kusema limfikie nani. Chama hakiwezi kumlinda mwanachama dhidi ya mwajiri maisha yake yote, halafu kikamwacha siku ya kufa kwake. Tena, kama mtakavyoona hapa chini, kesi za watu hawa zimekuja kumfungulia njia mwanamke mfanyakazi wa nyumbani ambaye mchumba wake alikuwa mwanamume. Haki ya wachache ikilindwa, wengi nao hufaidika.

HAKI ZILIPATIKANA MOJA MOJA

Wakati wa utawala wa makaburu, sheria za Afrika Kusini hazikumtambua mwenzi wa jinsia moja kwa jambo lolote la heri. Zilimtambua kwa adhabu tu, maana mapenzi kati ya wanaume yalikuwa jinai. Ubaguzi wa rangi ulipoanguka, watunga katiba walikubaliana kwamba ubaguzi mwingine nao uondoke. Katiba ya mwaka 1996, kifungu cha 9, inakataza mtu kubaguliwa kwa rangi, jinsi, dini, ulemavu, na pia kwa sababu ya jinsia ya mtu anayempenda. Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuliandika jambo hilo la mwisho katika katiba yake.

Lakini katiba peke yake haimlipi mtu pensheni. Kila fao lilibidi kudaiwa.

Mwaka 1998 askari polisi mmoja mwanamke aliomba mwenzi wake, ambaye naye ni mwanamke, aandikwe kuwa mtegemezi wake katika mfuko wa matibabu wa polisi. Mfuko ukakataa. Mahakama Kuu mjini Pretoria ikampa haki yake. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikafuta sheria iliyofanya mapenzi kati ya wanaume kuwa jinai.

Mwaka 2002 jaji mmoja, Kathleen Satchwell, alidai kwamba mwenzi wake wa kike apate mafao ambayo wake na waume wa majaji hupata, pamoja na pensheni jaji akifariki. Mahakama ya Katiba ilikubali. Ilisema kwamba wenzi wa jinsia moja walioamua kuishi pamoja daima, na kukubaliana kutunzana, wahesabiwe katika mafao hayo. Mwaka huohuo wenzi wa jinsia moja waliruhusiwa kuasili mtoto pamoja, wote wawili wakawa wazazi.

Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya mwanamume ambaye mwenzi wake aliuawa katika ajali ya barabarani. Marehemu ndiye aliyekuwa akimtunza. Mfuko wa fidia za ajali ulikataa kulipa kwa kuwa hawakuwa mume na mke. Mahakama iliagiza alipwe.

Mwisho ilikuja ndoa yenyewe. Tarehe 1 Desemba 2005 Mahakama ya Katiba ilisema ni makosa kuwanyima wenzi wa jinsia moja haki ya kuoana, ikalipa Bunge miezi 12 kurekebisha sheria. Hukumu ile iliandikwa na Jaji Albie Sachs, mpigania uhuru aliyepoteza mkono wake wa kuume kwa bomu la makaburu mjini Maputo mwaka 1988. Bunge lilitunga Sheria ya Muungano wa Kiraia, nayo ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006. Hata hivyo sheria ile iliwaachia maofisa wa serikali nafasi ya kukataa kufungisha ndoa hizi kwa kisingizio cha dhamiri. Nafasi hiyo iliondolewa mwaka 2020.

Tazameni orodha hiyo: matibabu, pensheni, watoto, fidia ya ajali, ndoa. Ni mambo yaleyale ambayo chama hudai kila siku kwa ajili ya wanachama wake wote.

MAREHEMU ASIYEACHA WOSIA

Sheria ya Afrika Kusini ya mirathi isiyo na wosia ni ya mwaka 1987. Inasema kwamba marehemu akiacha mume au mke bila watoto, mume au mke huyo huchukua mali yote. Wakiwapo watoto, aliyebaki hugawana nao, na fungu lake lisipungue randi 250,000 kama mali inatosha. Asipokuwapo mume, mke wala mtoto, mali huenda kwa wazazi, na wasipokuwapo wazazi huenda kwa ndugu. Mwenzi wa jinsia moja hakutajwa popote.

Katika kesi inayojulikana kwa jina la Gory, wanaume wawili waliishi pamoja na mmoja akafariki mwaka 2005 bila wosia. Wazazi wa marehemu walihesabiwa kuwa warithi, na yule aliyebaki akawekwa kando. Alikwenda mahakamani. Tarehe 23 Novemba 2006 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba maneno ya sheria yaongezwe, ili mwenzi wa kudumu wa jinsia moja, ambao wamekubaliana kutunzana, arithi kama mume au mke.

Wengi walidhani mambo yamekwisha. Lakini siku chache baadaye sheria ya ndoa ilianza kutumika, na hapo likazuka swali jipya. Wanaume wawili waliishi pamoja tangu mwaka 2003. Hawakufunga ndoa. Mwaka 2015 mmoja alifariki bila wosia. Ndugu yake akadai mali, akisema: siku hizi ndoa imeruhusiwa, asiyefunga ndoa amechagua mwenyewe kutorithi. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Katiba. Tarehe 30 Novemba 2016 mahakama ilimkatalia. Ilisema haki iliyotolewa mwaka 2006 ingalipo mpaka Bunge lenyewe litakapoiondoa.

Aliyefiwa alishinda. Lakini hebu tuhesabu gharama ya ushindi huo. Alikaa mwaka mzima na zaidi baada ya mazishi bila kujua mali ni ya nani. Ilimpasa kutetea haki yake mbele ya majaji. Yote hayo yalitokea kwa kuwa marehemu hakuandika karatasi moja na kuitia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Mfanyakazi wa shamba au wa kiwandani hana fedha za kupanda mahakama hadi mahakama. Kwake yeye, haki isiyoandikwa mapema ni kama haipo.

MFANYAKAZI WA NYUMBANI ALIFUATA NJIA HIYOHIYO

Sasa tuje kwenye jambo tulilotaja mwanzo. Mwanamke mmoja kutoka Zimbabwe alikuwa mfanyakazi wa nyumbani mjini Cape Town. Kesi yake yaitwa Bwanya. Aliishi na mwanamume, wakachumbiana, wakapanga kusafiri kwenda Zimbabwe kuzungumza mahari. Mwaka 2016, kabla ya safari, mwanamume akafariki. Wosia wake ulikuwapo, lakini ulimtaja mama yake, naye mama alikuwa amekwisha kufa. Mwanamke huyu akaambiwa: hukuolewa, huna urithi.

Alikuwa katika hali mbaya kuliko wenzi wa jinsia moja. Tangu mwaka 2006 mwanamume aliyeishi na mwanamume bila ndoa aliweza kurithi, lakini mwanamke aliyeishi na mwanamume bila ndoa hakuweza. Mwaka 2005 mahakama hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuwakatalia wanawake wa namna hiyo haki ya kutunzwa kutokana na mali ya marehemu. Tarehe 31 Desemba 2021 Mahakama ya Katiba iliuacha msimamo wake wa zamani. Ilisema wenzi wa kudumu waliokubaliana kutunzana, wawe wa jinsia moja au mbili, warithi na watunzwe kutokana na mali ya marehemu.

Ni wanawake wangapi katika mabweni ya wafanyakazi, katika mashamba ya miwa na katika nyumba za matajiri wanaoishi na wanaume bila cheti? Ni wengi mno. Mlango waliopitia ulifunguliwa kwanza na watu ambao pengine wao wenyewe wasingependa kuwasikia wakitajwa mkutanoni.

AKIBA YA UZEENI HAIFUATI WOSIA

Hapa wafanyakazi wengi hukosea, wawe na ndoa au wasiwe nayo. Mtu huandika wosia akidhani fedha ya mfuko wa akiba itafuata wosia huo. Sivyo. Kwa mifuko ya akiba ya makampuni Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1956, kifungu cha 37C, yasema fao la kifo haliingii katika mirathi. Wadhamini wa mfuko ndio wanaogawa. Wao hupewa muda wa miezi 12 kuwatafuta wategemezi wote wa marehemu na kugawa kwa haki.

Fomu ya mrithi anayoijaza mfanyakazi siku ya kuajiriwa huwaongoza wadhamini, lakini haiwafungi. Ukimwandika mwenzi wako peke yake, na huku una mtoto kijijini uliyekuwa ukimlea, wadhamini watampa mtoto naye fungu. Hilo ni jambo jema. Lakini usipomwandika mwenzi wako kabisa, wadhamini watajuaje kwamba yupo? Watampigia simu ndugu yako, naye ndugu atasema marehemu alikuwa mseja.

Tangu marekebisho ya mwaka 2007, sheria hiyo inapotaja mume au mke inamhesabu pia mwenzi wa kudumu na mwenzi wa muungano wa kiraia. Vilevile inamhesabu kuwa mtegemezi mtu ambaye marehemu alikuwa akimtunza kwa kweli, hata kama hakulazimika kisheria. Kwa hiyo haki ipo. Kinachotakiwa ni ushahidi: fomu iliyojazwa, risiti za kodi, barua za hospitali zenye jina la mwenzi, majirani walio tayari kusema kweli.

NYUMBA, SHAMBA NA MAZISHI

Wafanyakazi wa mashamba makubwa mnajua uchungu wa nyumba ya tajiri. Mwenye kazi akifa, aliyebaki huambiwa afunge mizigo. Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 1997 inayowalinda wakazi wa mashamba. Mtu aliyekaa shambani miaka 10 na kufikia umri wa miaka 60, au mfanyakazi aliyekaa miaka hiyo akashindwa kazi kwa ugonjwa au kuumia, hawezi kuondolewa ovyo. Naye akifa, mume, mke au mtegemezi wake hawezi kuambiwa ahame ila kwa notisi ya maandishi ya miezi 12, isipokuwa amevunja masharti. Sheria ya Muungano wa Kiraia yasema kwamba popote sheria inapotaja mume au mke, imhesabu pia aliyefunga muungano huo. Kwa hiyo mwanamke aliyefunga ndoa na mwanamke mwenziwe shambani ana notisi hiyo ya mwaka mzima sawa na wengine.

Kwa nyumba iliyonunuliwa, mambo hutegemea ndoa na hati. Waliofunga ndoa Afrika Kusini bila mkataba maalumu kabla ya ndoa huwa na mali moja, na kila mmoja ana nusu. Mmoja akifa, nusu ya aliyebaki si urithi, ni mali yake tangu zamani. Lakini wanaoishi pamoja bila ndoa hawana mali moja kwa sheria. Hati ikiwa na jina la mmoja, nyumba ni ya huyo mmoja, hata kama mwenziwe ndiye aliyelipia bati na saruji.

Na siku za msiba zenyewe? Sheria ya masharti ya kazi ya mwaka 1997 inampa mfanyakazi likizo ya mambo ya jamaa, siku 3 kwa mwaka zenye mshahara, naye anaweza kuitumia akifiwa na mume, mke au mwenzi wa maisha. Hayo maneno "mwenzi wa maisha" yamo ndani ya sheria. Msimamizi wa kazi hana ruhusa ya kudai cheti cha ndoa ndipo amruhusu mtu akazike.

MAMBO YA KUFANYA UNGALI HAI

Wenzetu walioko kazini Afrika Kusini, pamoja na ndugu zetu wengi waliotoka Tanzania, Kongo na Burundi kutafuta riziki huko, yawafaa kufuata mambo haya:

1. Andika wosia. Mtu wa miaka 16 na zaidi anaruhusiwa. Uwe wa maandishi, utie sahihi kila ukurasa, na mwisho wake mtie sahihi wewe na mashahidi wawili, wote mkiwa pamoja. Mashahidi wawe na miaka 14 au zaidi. Mtu atakayerithi, au mume au mke wake, asiwe shahidi, maana anaweza kupoteza fungu lake. Usiyejua kuandika unaweza kutia alama au dole gumba, lakini awepo kamishna wa viapo athibitishe.

2. Taja msimamizi wa mirathi unayemwamini. Asipotajwa, ugomvi wa kwanza utakuwa juu ya nani awe msimamizi.

3. Jaza fomu ya mrithi ya mfuko wa akiba, na kuipitia kila mwaka. Wataje wote unaowatunza, mwenzi, watoto na wazazi. Fomu ya miaka 20 iliyopita yenye jina la mtu mliyekwisha kuachana ni hatari.

4. Angalia bima ya maziko na chama cha kuzikana. Hizo nazo zina majina yake. Fedha hutolewa kwa aliyeandikwa.

5. Kama mna nyumba, muulizane hati ina jina la nani. Kama inafaa, yawekwe majina mawili.

6. Kwa mtoto, msitegemee mapenzi peke yake. Mzazi aliye mlezi pekee kwa sheria anaweza kumtaja katika wosia mtu wa kumlea mtoto baada yake. Wenzi wa kudumu wanaweza pia kuasili pamoja. Mwenzi aliyelea mtoto tangu uchanga bila karatasi yoyote anaweza kunyang'anywa mtoto huyo na shangazi au mjomba.

7. Kama mnataka na mnaweza, fungeni ndoa. Aliye na cheti haulizwi maswali mengi.

Mambo hayo 7 yanamfaa kila mfanyakazi, awe na mke, mume, au mwenzi wa jinsia yake.

NA SISI HUKU?

Msomaji atasema: hayo ni ya Afrika Kusini, huku kwetu sheria ni nyingine. Ni kweli. Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi zina sheria za jinai dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na sheria ya Uganda ya mwaka 2023 ni kali mno. Hakuna ndoa ya namna hiyo inayotambuliwa katika nchi hizo. Mtu anayeishi hivyo huku anaishi kwa siri, na kifo chake huacha mtu mwingine akilia kwa siri.

Lakini wosia haulazimishi mtu kutoa siri yake. Kwa mfano, Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kugawa mali yake kwa wosia, na halazimiki kueleza huyo aliyemtaja ni nani wake. Yatosha jina na mali. Mashahidi wawili huweka sahihi wakithibitisha kwamba wameona sahihi yake, hawahitaji kusoma yaliyomo. Hata hivyo sheria hiyo haimwachi mtu awatupe watu wake: mke, mume, watoto na wategemezi wengine waliosahauliwa wanaweza kuiomba mahakama iwape fungu. Na kwa Waislamu hukumu za dini ndizo zinazotawala mirathi. Wosia kwa asiye mrithi hauzidi theluthi ya mali.

Tena isisemwe kwamba mila zetu hazijui nyumba ya watu wawili wa jinsia moja. Wakurya wa Tanzania na Kenya wana nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke kwa mahari, na watoto wanaozaliwa huwa wake. Wanandi nao wana desturi kama hiyo. Twaeleza wazi kwamba ndoa hizo si za mapenzi ya kimwili kati ya wanawake hao. Ni ndoa za kulinda jina, boma na urithi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa iliamua mirathi ya mama mmoja wa Kinandi aliyekuwa ameoa mwanamke. Jamaa wa marehemu walipinga. Mahakama iliitambua ndoa ile ya mila, na mke aliyeolewa na marehemu akahesabiwa kuwa mrithi. Wazee wa zamani waliona jambo ambalo mahakama za leo zinaliona: watu waliojenga nyumba moja wasitawanywe na kifo cha mmoja wao.

KAZI YA TAWI

Makatibu wa matawi na wajumbe wa wafanyakazi, yapo mambo ya kufanya bila kungoja sheria mpya. Tengeni siku moja kila mwaka ya kujaza upya fomu za warithi kazini. Mwelezeni kila mwanachama kwamba anaweza kumtaja mtu yeyote anayemtunza, na kwamba si lazima aeleze sababu mbele ya wenzake. Katika majadiliano ya mkataba dai maneno "mtegemezi aliyetajwa na mfanyakazi" yawekwe badala ya "mke" peke yake. Maneno hayo yatamsaidia mjane, mama mzazi, dada aliyelea, na mwenzi ambaye hatajwi.

La mwisho ni siri. Fomu ya mwanachama si habari ya kilabuni wala ya kantini. Katika nchi zetu nyingine jina moja likitoboka laweza kumpeleka mtu gerezani au kumfukuzisha kazi. Katibu anayechezea siri ya mwanachama amekivunja chama kabla mwajiri hajakivunja.

Ndugu wafanyakazi, mwajiri hukata mchango wetu kila mwezi bila kukosa. Basi nasi tuhakikishe kwamba siku ya mwisho, fedha hiyo inamfikia yule tuliyemfanyia kazi. Nendeni ofisini wiki hii, mwombe kuiona fomu yenu, msome jina lililoandikwa. Kama si jina sahihi, libadilisheni.